Wiki Moja Orlando, Ada Maisha Yako Yote

Wazee wetu, kina mama, ndugu zangu, hamjambo. Nashukuru kwa kunipa nafasi, nami nitajitahidi nisiwachoshe, maana naona pilau limeshafika huko nyuma na mimi si mtu wa kushindana na pilau.

Mwenyekiti kaniomba nizungumzie taimshea kwa sababu siku za karibuni watu wamekuwa wakimletea mikataba wakimuuliza kama inavunjika. Akiniletea mimi, nakuta ni ileile: ya Orlando, ya Las Vegas, mmoja wa Galveston, jirani na hapa kwetu Houston. Na waliosaini si wajinga. Ni wauguzi, madereva wa malori, mhandisi mmoja, na mchungaji ambaye leo hayupo, kwa hiyo naweza kumtaja bila kumuaibisha.

Kwa wasioijua, mambo yako hivi. Pana nyumba ya vyumba viwili vya kulala ndani ya jengo la mapumziko karibu na Disney. Mwaka una wiki 52. Kampuni haiuzi nyumba kwa mtu mmoja, inauza wiki. Wewe unanunua wiki yako, mwingine ya kwake, na kila mmoja anapewa karatasi inayomwita mwenye mali. Siku hizi wengi hawauziwi hata wiki, wanauziwa pointi, na pointi hizo ndizo zinazobadilishwa kuwa siku za kulala. Mpango huu ulianza Ulaya miaka ya 1960, kwenye milima ya Alps, ukavuka bahari, na Florida ndiyo iliyoulea ukanenepa.

Sasa hesabu. Bei ya wastani ya mkataba mpya Marekani inazidi dola 20,000. Tuchukue 22,000. Unatoa kianzio cha asilimia 10, yaani 2,200. Zinabaki 19,800, na kampuni yenyewe inakukopesha hapohapo, mezani, kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 10. Riba ya namna hiyo ni ya kawaida kwenye biashara hii. Benki ya mikopo ya nyumba haitozi riba kubwa hivyo. Rejesho lako ni kama dola 319 kwa mwezi. Ukimaliza miaka 10, umelipa dola 38,300 na ushee, ongeza kianzio, ni 40,500.

Bado ada ya matengenezo. Ada hiyo huzidi dola elfu moja kwa mwaka, kwa hiyo tuseme inaanza 1,200 na kupanda asilimia 5 kila mwaka. Kwa miaka 10 umetoa kama dola 15,100 nyingine. Jumla 55,600. Umelala wiki 10. Gawanyeni wenyewe: kila wiki imekugharimu zaidi ya dola 5,500, karibu dola 800 kwa usiku, na nauli ya ndege haimo, na chakula hakimo.

Baba mmoja aliniambia, "Lakini baada ya miaka 10 nimemaliza, ni yangu." Hapo ndipo nataka tusimame, kwa sababu ndiyo maana yote ya maneno yangu leo. Ulichomaliza ni mkopo. Ada haina mwisho. Kwa hesabu yangu ileile, mwaka wa 20 ada itakuwa dola 3,000. Wale watu hawakukuuzia wiki, ndugu yangu. Wiki ni chambo. Walichokuuzia ni wajibu wa kulipa ada kila Januari mpaka unaingia kaburini, na hiyo bei ya dola 22,000 ni kiingilio tu.

Na wiki ileile ungeweza kuikodi. Wenye wiki wasioweza kwenda huzikodisha mtandaoni kwa bei inayokaribia ada ya mwaka, ili wasipoteze vyote. Yaani jirani yako wa chumba cha pili, asiyemiliki chochote, amelala kitanda kama chako kwa robo ya gharama.

Sasa mtu anauliza, watu wenye akili wanaingiaje mkenge huu? Niwaeleze chumba kile kilivyo, kwa sababu chumba ndicho kinachofanya kazi.

Unatembea na watoto Orlando, unakutana na kibanda: tiketi za Disney kwa bei ya kutupa, sharti moja tu, muhudhurie maelezo ya dakika 90 na kifungua kinywa bure. Mume na mke wote waje, mmoja tu hawamtaki, kwa sababu mmoja tu atasema "ngoja nikamuulize mwenzangu." Mnakalishwa meza ya duara na kijana mchangamfu. Haulizi habari za nyumba. Anauliza mara ya mwisho mlipumzika lini kama familia. Anauliza watoto wana umri gani. Anauliza mwaka jana mlitumia kiasi gani kwa safari, anaandika kwenye karatasi, anazidisha kwa miaka 20, anazungushia duara. Wewe mwenyewe ndiye uliyetaja namba, utabishana nazo vipi?

Dakika 90 zinapita. Zinakuwa masaa matatu. Watoto wana njaa tena. Bei ya kwanza ni 45,000, mnakataa. Anaitwa meneja, inashuka 30,000. Mnakataa. Anakuja mwingine mwenye tai, ana bei ya leo tu, 22,000, na ukitoka mlangoni haipo. Kelele za makofi zinasikika meza ya pili, mvinyo unafunguliwa, mtu amenunua. Mnapelekwa ofisi ndogo, kurasa kwa makumi, saini hapa, herufi za jina hapa, hapa, na hapa.

Mkataba mmoja nilikaa nao jioni nzima na wenyewe, mume na mke, mama ni muuguzi wa zamu ya usiku. Waliambiwa mambo matatu: ada haipandi, wakitaka wanaweza kukodisha na kupata faida, na kampuni itainunua tena. Nikawafungulia ukurasa wenye herufi zao. Umeandikwa kwamba mnunuzi hakuahidiwa faida ya kukodisha, hakuahidiwa kuwa itanunuliwa tena, na kwamba neno lolote la mdomo lisilo kwenye mkataba si sehemu ya mkataba. Pembeni ya kila mstari kuna herufi mbili za mama, na mbili za baba, kwa mwandiko wao. Mama akanyamaza. Baba akasema, "Tulikuwa tunaharakisha, mtoto alikuwa amelala begani."

Sisemi kila muuzaji ni mwongo. Ila mwaka 2016 baraza la mahakama kule San Francisco liliamuru aliyekuwa mfanyakazi wa mauzo wa Wyndham, kampuni kubwa ya taimshea, alipwe dola milioni 20, baada ya kueleza kwamba alifukuzwa kwa kuripoti jinsi wateja wazee walivyokuwa wakidanganywa.

Turudi kwenye ada, maana kuna watu hapa wameniambia, "Mimi nilinunua taslimu, sina riba." Hongera, lakini ada unayo. Kwa nini inapanda? Paa huzeeka, wafanyakazi hulipwa, bima ya Florida baada ya vimbunga imekuwa balaa. Kisha kuna kitu ambacho muuzaji hakitaji: wenzako wanaoshindwa kulipa. Jengo halipungui gharama kwa sababu watu 30 wameacha kulipa. Mzigo wao mnagawana mliobaki. Na kikitokea kimbunga au lifti ikafa, unaletewa mchango maalumu juu ya ada, na hauna hiari. Kwenye bodi inayopanga ada, mara nyingi kampuni ndiyo yenye sauti.

Habari ya kubadilishana wiki nitaipitia haraka. Wanakwambia wiki yako ya Orlando utaibadilisha na wiki ya Mombasa ukaone wazazi. Kampuni za kubadilishana zipo kweli, RCI tangu 1974, Interval tangu 1976, na majengo ya pwani yetu yamo pia. Lakini unalipa uanachama kila mwaka, unalipa zaidi ya dola 200 kwa kila mabadilishano, na wiki yako ya Septemba, watoto wote wakiwa shuleni, haibadilishwi na wiki ya Desemba ya mtu mwingine. Wapo wanaofaulu. Ni wale wanaopanga safari mwaka mzima kabla, nao ukiwauliza wanafurahia kweli, siwabishii. Sisi tunaopata likizo kwa kubembeleza msimamizi wa zamu hatumo.

Sasa kutoka. Hapa ndipo machozi yalipo. Nendeni eBay jioni ya leo, mtafute taimshea: mtazikuta kwa dola moja. Dola moja! Na wenyewe wanaahidi kukulipia gharama za hati, na bado hazina mnunuzi. Mali gani hii, asubuhi inauzwa elfu 20 na jioni inatafutiwa mtu wa kuipokea bure? Jibu mnalo: hakuna anayetaka kurithi ada ya mwenzake.

Na kurithi si utani. Mikataba mingi ya zamani ni ya milele, mkifa inakwenda kwa watoto. Wazazi mlio hapa, waambieni watoto kwamba mtoto halazimiki kuipokea. Anaweza kukataa fungu hilo la mirathi kwa maandishi, na wanasheria hushauri afanye hivyo ndani ya miezi 9 tangu kifo, na kabla hajaitumia hata siku moja. Akienda kulala wiki moja kwa kumbukumbu ya baba, amejitia mwenyewe.

Mtu aliyekata tamaa ya kutoka huwa anaingia kwenye kumi na nane za tapeli wa pili. Simu inalia: tuna mnunuzi wa wiki yako, tanguliza tu kodi na gharama za hati. Au: sisi ni kampuni ya kuwatoa watu, tulipe dola 5,000, tukishindwa tunarudisha. Jimbo la Washington lilishitaki kampuni moja kubwa ya namna hiyo, iliyokuwa ikijitangaza sana redioni, Reed Hein, na mwaka 2021 ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 2.6. Zile simu za mnunuzi nyingi zinapigwa kutoka Mexico. Wizara ya Fedha ya Marekani inasema wazi kwamba nyuma yake lipo genge la dawa za kulevya la Jalisco, CJNG, na kwamba kati ya 2019 na 2023 Wamarekani kama 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300. Mzee wa watu yuko Houston anatuma pesa Puerto Vallarta, hukohuko Mexico, akidhani analipa kodi ya serikali.

Mchezo huu si mpya. Waingereza waliuona Tenerife, kisiwa cha Hispania. John Palmer, tajiri wa huko, alifungwa miaka 8 na mahakama ya Old Bailey, London, mwaka 2001 kwa kuwatapeli maelfu ya watu, wengi wao kwa ahadi kwamba wakinunua wiki mpya, ile ya zamani itauzwa. Hispania iliweka sheria mwaka 1998 kwamba mikataba mipya isizidi miaka 50, kampuni zikaendelea kuuza ya milele, mpaka Mahakama ya Juu yao mwaka 2015 ikasema mikataba hiyo ni batili. Watu wakashinda kesi. Kisha baadhi ya kampuni zikajitangaza zimefilisika, na mwenye hukumu mkononi akajikuta kwenye foleni ya wadai.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali, basi.

Mama pale mbele anauliza kama mtu ameshasaini, afanye nini. Mama, inategemea ni lini na wapi. Florida sheria inakupa siku 10 tangu kusaini, au tangu upokee hati ya mwisho unayostahili, lolote litakalochelewa, nawe hutoi sababu. Nevada, yaani kule Las Vegas, siku 5 tu. Ulaya siku 14, na katika siku hizo hawaruhusiwi kuchukua hata senti. Andika barua, si simu. Yule wa simu atakubembeleza mpaka siku ziishe. Taja namba ya mkataba, sema unaghairi, sainini wote wawili, peleka posta kwa njia ya kupewa risiti yenye tarehe. Anwani ya kupeleka imo ndani ya mkataba, kwa herufi ndogo.

Ndiyo, kijana. Anauliza na kwetu je, maana ameonyeshwa nyumba za hivi Kikambala alipokwenda likizo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, nayo inataja mikataba hii waziwazi na kumpa mnunuzi siku 10 za kughairi tangu apokee nakala ya maandishi. Kwa hiyo usiondoke mezani bila nakala.

Na siku zikiwa zimepita? Mama ameuliza tena, nadhani yake imepita. Anza na kampuni yenyewe. Piga idara ya wamiliki, siyo mauzo, uulize kama wanapokea wiki zirudishwe. Kampuni kubwa nyingi zina utaratibu huo, ingawa hawautangazi. Kwa kawaida watataka mkopo uwe umekwisha na ada isiwe na deni. Ukiacha kulipa kabla ya hapo, watakuchafulia rekodi yako ya mikopo, na ile nyumba halisi unayotaka kununua hapa jirani Katy mwakani utaikosa. Lete mkataba wako, mama, nitakaa pale karibu na mlango baada ya chakula. Na kurasa zote, tafadhali, siyo ule wa kwanza wenye picha ya bwawa.