Mnaniuliza ninacheka nini huku Nairobi

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari za huko. Sikupanga kurekodi video hii, lakini swali moja limekuwa likirudi kila wiki kwenye maoni yenu, na juzi limeletwa kwa simu na shangazi yangu mwenyewe: "Unasimulia tabu za vibali na kodi ya nyumba huku unacheka. Una shida kweli, au unatuonyesha kwamba umefika?"

Najua kwamba nikijibu kuwa nina shida, nitaambiwa nirudi, kwani nani alinituma. Na nikijibu kuwa sina, jioni hiyohiyo nitaanza kuombwa ada za shule. Ninyi mnaosema kwamba Nairobi si ughaibuni kwa kuwa mtu hupanda basi tu akavuka Namanga, nawaomba mje mpange foleni ninayopanga mimi, kisha tuzungumzie umbali.

Mnapokosea zaidi ni kwenye fedha. Shilingi moja ya Kenya ni karibu shilingi 20 za kwetu, na hesabu zenu nimeziona: mnachukua mshahara wangu wa uhariri, 45,000, mnauzidisha, mnapata laki tisa na kunipongeza, lakini hakuna hata mmoja anayezidisha kodi. Chumba changu cha Umoja, chenye jiko na choo ndani, ni 14,000 kwa mwezi, na bomba likikauka nanunua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa kijana wa mkokoteni. Nakiri kwamba ipo nafuu: huku nililipa amana ya mwezi mmoja na sasa nalipa mwezi kwa mwezi, wala sidaiwi miezi sita kwa mkupuo kama nilivyodaiwa na mwenye nyumba wangu wa Temeke, ambaye alikuwa akihesabu hata ndoo za wageni wangu na ambaye sijamsamehe.

Karatasi ni balaa la aina yake. Jina langu limeandikwa kwa neno moja kwenye pasipoti na kwa maneno mawili kwenye cheti cha kuzaliwa, na kwa sababu ya nafasi hiyo ndogo ombi langu la kibali limerudishwa mara tatu. Mara ya pili ofisa aliniuliza, bila kuinua macho, sisi tuko wangapi. Nikamjibu kwamba tuko wawili, ila tunalala chumba kimoja kwa sababu ya kodi. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanirudishia karatasi zangu zote na kuniagiza nilete hati ya kiapo, ambayo wakili aliniandikia kwa 1,500.

Kucheka huku nimekulia nako. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi waliokuwa wakishuka pwani katika karne ya 19, na mtani ana kazi yake msibani kama mchimba kaburi alivyo na yake. Baba alipofariki kule Kisarawe, rafiki yake mmoja, mzee wa Kinyamwezi, alijilaza mlangoni wakati jeneza linatolewa, akatangaza kwamba marehemu haendi popote mpaka alipe deni la kuku wa mwaka 1994. Mama, ambaye alikuwa hajala wala kusema neno tangu jana yake, aliinua kichwa akamwambia kwamba kuku yule alikuwa mgonjwa. Mzee akaapa kwamba alikuwa mzima na alikuwa anataga. Walibishana hapo kwa dakika nzima, watu wakitoa sarafu za kumwondoa mlangoni, na tuliporudi kutoka makaburini mama alikunywa uji. Usiku alilia tena, na hata leo hulia, lakini uji ule aliunywa.

Sasa mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani mlango huo uko wazi kila mahali. Jirani yangu wa ghorofa ya pili alipofiwa na kaka yake, nilikwenda kwenye kikao cha kuchangisha fedha za mazishi nikamtania kwa kabila lake, na chumba kizima kikanyamaza. Wachekeshaji wa Nairobi huiga lafudhi za makabila jukwaani na watu wakavunjika mbavu, ila tangu ghasia za kikabila za baada ya uchaguzi, za 2007 na 2008, neno hilohilo likitoka kinywani mwa mgeni hupimwa kwa mizani nyingine. Nilimwomba radhi kwa wiki mbili. Kwa hiyo msije mkachukua habari zangu mkazifanya dawa. Mimi nacheka kwa sababu ninaye wa kunijibu, na asiye naye huenda akahitaji kulia kwanza, au kukopa.

Wiki iliyopita, karatasi ziliporudi mara ya tatu, sikucheka hata kidogo. Nilikaa kitandani na viatu vyangu mpaka giza likaingia, ndipo nikampigia yule mzee wa Kinyamwezi, ambaye sasa hasikii vizuri, nikamweleza kwamba huenda nikarudishwa nyumbani. Aliniomba nirudie, nikarudia kwa sauti ya juu mpaka jirani wakasikia. "Rudi tu, mwanangu," akasema, "ila uje na kuku."