Sigtryggur Jonasson, kiongozi kabla ya kuwa mbunge

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Kumbukumbu za Bunge la Manitoba, Kanada, zinamtaja Sigtryggur Jonasson kuanzia 1896, mbunge wake wa kwanza mzaliwa wa Iceland. Naomba turudi nyuma miaka ishirini, maana uongozi hakujifunzia bungeni.

Alizaliwa 1852 kaskazini mwa Iceland, akahamia Kanada akiwa kijana wa miaka ishirini. Mwaka 1875 alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuwatafutia wahamiaji wa Iceland ardhi, wakachagua ufuko wa magharibi wa Ziwa Winnipeg, wakapaita Iceland Mpya. Mwaka huohuo volkano ya Askja ililipuka, majivu yakafunika malisho ya mashariki ya Iceland. Jonasson akarudi kwao kama wakala wa serikali ya Kanada, na kiangazi cha 1876 wakaja watu wapatao 1,200.

Hapa naomba tutulie. Wengi walikuja kwa sababu walimwamini yeye. Haikupita miezi mingi, ndui ikaingia. Iliua walowezi zaidi ya mia moja, wengi wao watoto, na eneo zima likawekwa karantini hadi Julai 1877. Wenyeji wa Sandy Bar, mahali palipo humo humo Iceland Mpya, waliokuwa pale kabla ya mlowezi yeyote, nao waliteketea. Mmoja wao, John Ramsay, mwindaji aliyewapelekea wageni nyama, alimzika mkewe Betsey, akamwekea jiwe la marumaru kaburini. Tukimsifu Jonasson tukamwacha Ramsay, tutakuwa tumesimulia nusu.

Septemba 1877, miezi miwili tu baada ya karantini, likatoka Framfari, gazeti la Kiiceland ambalo Jonasson alikuwa mwanzilishi wake. Mwaka 1878 walowezi wakapitisha katiba yao: wilaya nne zenye mabaraza ya kuchaguliwa, wasuluhishi wa migogoro, kazi za barabara, matunzo ya wajane na yatima. Jonasson akawa mkuu wa baraza la juu. Fikirini, jamani: wazazi waliotoka kuzika watoto wao wanakaa kujadili vifungu vya katiba!

Baadaye mafuriko na ugomvi wa dini viliwatawanya wengi. Yeye akaendesha kiwanda cha mbao na meli ya mvuke ziwani, kisha akahariri gazeti la Lögberg mjini Winnipeg. Mwaka 1896 akaingia bungeni kwa tiketi ya Waliberali. Akarudi tena 1907, safari hii kwa kiti cha Gimli, ambacho hadi wakati huo kilishikwa na Mwaiceland mwenzake, Baldwin Baldwinson.