Nauli Bei Chee, Maji Bei Mbaya

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko Dar es Salaam, na mwenzangu Mbaraka yuko Mombasa kama kawaida. Leo tunazungumzia ndege za nauli nafuu, zile ambazo tiketi unaipata kwa bei ya kukufanya uwapigie simu ndugu, halafu ukishaingia kila kitu kina bei yake. Begi, kiti, maji.

MBARAKA: Na choo.

ZUHURA: Choo bado, bwana.

MBARAKA: Bado, lakini yalishasemwa. Mwaka 2009 Michael O'Leary, bosi wa Ryanair ya Ireland, alikwenda kwenye televisheni ya BBC akasema wanafikiria kuweka choo cha kulipia, pauni moja kwa abiria mwenye haja. Dunia ikamaka. Baadaye akaja na hadithi ya abiria kusafiri wamesimama.

ZUHURA: Kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni.

MBARAKA: Sasa kuna choo kilicholipiwa? Hakuna. Kuna abiria aliyesimama? Hakuna. Lakini magazeti yaliitangaza Ryanair bure bila kulipwa hata senti, na kila mtu akajua kuwa huku ndiko bei iko chini kuliko kote. Yule mtu mie namkubali, yakhe.

ZUHURA: Mkubali tu, ila ujue anakula wapi. Mwaka wao wa fedha ulioisha Machi 2025, Ryanair waliingiza karibu euro bilioni 13.95. Katika hizo, bilioni 4.7 na ushei hazikutoka kwenye nauli. Zimetoka kwenye mabegi, viti, kupanda mapema, na vitu vya kununua mle ndani. Theluthi nzima ya mapato! Kwa hiyo mtu akiniambia hizi ni "huduma za ziada" nauliza, ziada gani hii inayobeba theluthi ya biashara?

MBARAKA: Sawa, na ile nauli ndogo inatoka wapi? Lazima itoke mahali. Mie nasafiri na mkoba wa laptopu na shati moja. Kwa nini nimlipie mtu mwenye masanduku mawili? Zamani ndivyo ilivyokuwa, sote tulichangia mzigo wa mtu mmoja.

ZUHURA: Hapo hatugombani. Kulipia mzigo sikatai, mimi ni mtu wa mabasi. Ukipeleka gunia Singida utaelewana na konda pale kwenye buti. Shida yangu utaisikia. Kwanza tuseme hii kitu ilianzaje, maana watu wanadhani ni ya wazungu wa nauli nafuu peke yao.

MBARAKA: Siyo. Mashirika makubwa ya Marekani nayo yalikimbilia huko. Mwaka 2008 mafuta yalipanda mpaka pipa likafika dola 147 mwezi Julai. American Airlines wakaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza la kwenda chini, kwenye buti ya ndege. JetBlue wakauza mto na blanketi kwa dola 7. Na US Airways, hawa ndio walionichekesha, wakaanza kuuza maji. Dola 2 kwa maji au soda, dola 1 kwa kahawa.

ZUHURA: Kahawa rahisi kuliko maji!

MBARAKA: Ndiyo hivyo. Ikadumu miezi saba tu. Machi 2009 wakafuta. Unajua kwa nini?

ZUHURA: Aibu?

MBARAKA: Aibu haina nafasi kwenye vitabu vya mahesabu, dada yangu. Wenzao walikuwa wanaendelea kumimina soda bure, na abiria akawa anaona tofauti. Tozo ya begi ikabaki kwa sababu karibu wote waliifuata. Ya maji ikafa kwa sababu hakuna aliyewafuata. Unaona? Soko likaamua.

ZUHURA: Soko liliamua pale ambapo hawakwenda pamoja. Walipokwenda pamoja, abiria hakuulizwa. Na fuata mkia wake uone ulikoishia. Ukitoza begi la chini, watu watafanya nini? Watalazimisha kila kitu kwenye begi la mkononi. Makabati ya juu ya viti yakajaa, watu wakasukumana kwenye korido, ndege ikachelewa kuondoka. Na kampuni ya nauli nafuu inaishi kwa ndege kugeuza haraka, itue, ishushe, ipakie, iruke, iende safari nyingi kwa siku. Basi mwaka 2010 Spirit Airlines, wa nauli nafuu wa Marekani, wakasema tumepata dawa, tutatoza na begi la mkononi pia. Dola 30 ukilipa mapema, dola 45 ukilipia getini. Yaani tozo ya kwanza ikaleta tatizo, na tatizo likazaa tozo ya pili.

MBARAKA: Lakini utakubali watu walianza kupanda haraka.

ZUHURA: Nakubali. Ila kuna kitu kingine ambacho hakisemwi sana. Kwa safari za ndani za Marekani kuna kodi ya serikali ya asilimia 7.5 juu ya nauli. Juu ya nauli tu. Tozo ya begi la hiari haiguswi na kodi hiyo. Sasa wewe ni mhasibu wa kampuni, dola 30 utaiweka kwenye nauli au kwenye begi?

MBARAKA: Kwenye begi.

ZUHURA: Bila hata kufikiri. Kwa hiyo ile habari ya "tunakupa uhuru wa kuchagua" ni nusu ya maelezo. Nusu nyingine iko kwa mtoza kodi.

MBARAKA: Basi mie nikurudishe nyumbani, maana huku ndiko hoja yangu ilipo. Novemba 2012 Fastjet walianza kuruka hapo kwenu Dar, kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Bei ya kuanzia ilikuwa kama shilingi 32,000, kodi mbali. Kumbuka Mwanza kwa basi ni siku nzima. Kuna watu walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kwa sababu ya tiketi ile. Huku kwetu Jambojet wakaja Aprili 2014, shilingi 2,850 za Kenya kutoka Nairobi. Ungewaambia waweke chakula na begi la kilo 23 kwa kila mtu, ile bei ungeiona wapi?

ZUHURA: Fastjet ya Tanzania ilikuja kuacha kuruka mwishoni mwa 2018. Kwa hiyo bei ile haikujilipa.

MBARAKA: Hilo lina mambo mengi, siyo begi peke yake. Mafuta, kodi za viwanja vya ndege, ushindani. Ila abiria alifaidi miaka ile sita.

ZUHURA: Alifaidi, sibishi. Lakini hebu niambie kitu kimoja. Nikipanda basi zuri kwenda Arusha, kabla hatujafika Chalinze mhudumu anapita na kreti. Soda na biskuti, mara nyingine maji, na nauli haijaongezeka hata mia. Ndege yenye mabawa na injini mbili inashindwaje na basi?

MBARAKA: Basi linasimama Korogwe ukale chakula cha mchana na umpe biashara mwenye hoteli. Ndege ikisimama Korogwe...

ZUHURA: Tutakuwa na kipindi kingine kabisa.

MBARAKA: Ewaa.

ZUHURA: Ngoja sasa nifike kwenye shida yangu, nayo iko getini. Kampuni sitaitaja. Tulikuwa tunatoka Zanzibar. Kaunta imepita salama, usalama umepita salama, tumekaa tunasubiri kuitwa. Pale mlangoni kuna kile kifremu cha chuma cha kupimia begi. Mama mmoja wa makamo, amevaa baibui, begi lake linaingia vizuri mpaka chini, linakwama magurudumu. Magurudumu tu! Akaambiwa alipe. Akapiga magoti pale sakafuni mbele ya watu wote, akalifungua. Akatoa kanga mbili akajifunga juu ya baibui. Akatoa halua, ile ya kwenye kikapu cha ukili, akampa kijana aliyekuwa nyuma yake amshikie. Akatoa pakiti za iliki akatia mfukoni. Akalirudisha begi. Magurudumu yakakwama vile vile, maana plastiki haipungui kwa kutoa iliki.

MBARAKA: Masikini. Akalipa?

ZUHURA: Akalipa, na bei ya getini siyo ile angelipa siku ananunua tiketi. Ilikuwa zaidi ya mara mbili. Na yule dada wa geti alikuwa anaangalia pembeni, unaona kabisa kazi ile haipendi.

MBARAKA: Hapo nitasema kitu kitakachoniumiza mwenyewe. Novemba 2024 kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti. Mashirika matano yalikusanya dola bilioni 12.4 kwa kutoza viti peke yake, kuanzia 2018 mpaka 2023. Hiyo tuiache. Kilichonishtua ni kwamba Frontier, nao ni wa nauli nafuu wa Marekani, na Spirit walilipa dola milioni 26, kwa miaka miwili, 2022 na 2023, kwa wafanyakazi wa geti na wengineo, kama bahashishi ya kukamata abiria wenye mabegi yaliyozidi.

ZUHURA: Kwa hiyo dada wa geti anapata chake kwa kila begi linalokwama.

MBARAKA: Kwa kampuni hizo mbili, miaka hiyo, ndiyo. Na hilo silitetei. Nalitetea begi kuwa na bei. Silitetei begi kuwa mtego.

ZUHURA: Asante! Mtego ndiyo neno nililokuwa nalitafuta tangu asubuhi. Ulaya angalau walijaribu kuweka mpaka. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kwenye kesi iliyowahusu Vueling wa Hispania, ilisema begi la chini unaweza kulitoza. Lakini begi la mkononi lenye uzito na ukubwa wa kiasi ni kitu cha lazima kwa msafiri, halitakiwi kuongezewa bei.

MBARAKA: "Ukubwa wa kiasi." Hapo ndipo wanasheria wanapojengea nyumba. Kiasi cha nani? Kampuni ikasema kiasi ni kimkoba cha kuingia chini ya kiti cha mbele, hicho bure. Kile chenye magurudumu, lipa.

ZUHURA: Hispania wakachoka. Novemba 2024 wizara yao ya walaji ikawapiga faini mashirika matano, jumla euro milioni 179. Ryanair peke yake milioni 108. Kosa ni begi la mkononi, na kukaa karibu na mtoto wako kwa kulipia, na kutoza mtu kuchapishiwa pasi ya kupandia pale uwanjani.

MBARAKA: Na mashirika yakapinga. Faini ikiandikwa haimaanishi imelipwa.

ZUHURA: Najua. Sasa twende kwenye maji, maana ndiyo yanayoniuma zaidi, na hili ni la watu wetu hasa. Kuna ndege za nauli nafuu za Ghuba zinazochukua abiria hapa kwetu. Mfano Air Arabia ya Sharjah, imekuwepo tangu 2003. Ukikata tiketi ya daraja la chini kabisa, chakula ni cha kununua. Sawa, ndio mpango wao na wanausema. Lakini fikiria binti anayekwenda kazi za ndani. Tiketi kakatiwa na wakala, yeye hata hajaiona. Maji yake yameachwa kwenye usalama, maana tangu 2006 safari nyingi za nje huruhusiwi kupita na kimiminika kinachozidi mililita 100. Pale juu bei ni kwa dirhamu au dola au kadi. Yeye ana shilingi. Kutoka Nairobi mpaka Sharjah ni kama saa tano.

MBARAKA: Akiomba kikombe cha maji kwa mhudumu, aghalabu hawatamnyima.

ZUHURA: Atajuaje kuomba? Anaona toroli inapita na menyu yenye bei, jirani anatoa kadi. Atanyamaza na kiu yake mpaka atue. Wewe na mimi tutaomba kwa sababu tumeshazoea kuomba.

MBARAKA: Basi hapo ushauri ni rahisi. Chukua chupa tupu. Usalama hawakatazi chupa tupu. Ukishapita, jaza kwenye bomba la kunywea, na kama hakuna bomba muombe mwenye mgahawa.

ZUHURA: Ushauri mzuri kwa huyo anayetusikiliza. Na yule asiyetusikiliza?

MBARAKA: Huyo serikali imsaidie. Ila nikwambie kwa nini mashirika hayataanza yenyewe. Mtu anatafuta tiketi kwenye simu, anapanga kuanzia bei ya chini. Kampuni itakayoweka begi, kiti na maji ndani ya bei ya kwanza itaonekana ghali, itashuka mpaka ukurasa wa tatu, hakuna anayefika huko. Mwenye kuficha ndiye anayekaa juu. Kwa hiyo hata mwenye nia njema ataficha, asije akafunga duka.

ZUHURA: Ndiyo maana nasema iwe amri kwa wote siku moja. Marekani walijaribu. Aprili 2024 wizara ya uchukuzi ikatoa kanuni kwamba tozo za begi zioneshwe mwanzo kabisa pamoja na nauli. Mashirika yakaenda mahakamani, na Julai mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikaisimamisha.

MBARAKA: Kwa bei kuwa wazi tangu mwanzo niko na wewe mia kwa mia. Kwa maji ya bure, siko. Nishushieni nauli, maji nitanunua.

ZUHURA: Na yule binti?

MBARAKA: Yule apewe. Mimi niuziwe.

ZUHURA: Nani atawatenganisha pale kwenye korido, mhudumu mwenye toroli?

MBARAKA: Hilo sina jibu nalo leo.

ZUHURA: Basi tuwaachie wasikilizaji watuandikie. Na kama una safari wiki hii, lipime begi lako nyumbani pamoja na magurudumu na mkono wake. Wiki ijayo tunapanda treni ya SGR kwenda Dodoma, Mbaraka anakuja Dar.

MBARAKA: Nauli nani analipa?