Kichaka cha Nyuma ya Nyumba

Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Mlipoona tangazo la mhadhara kuhusu wanyamapori, naamini wengi wenu mlitegemea simba na tembo. Leo simba hayumo. Naanza na mdudu asiyezidi ukucha wa kidole gumba.

Mnamfahamu, ni kitukutuku. Anakaa kwenye mchanga mkavu, chini ya mti au upenuni ambako mvua haifiki. Huenda kinyumenyume akizunguka, huku kichwa kikirusha mchanga nje, mpaka apate kishimo kama faneli. Kisha anajifukia chini kabisa, taya tu zikichungulia, anangoja. Sisimizi akikanyaga ukingo, mchanga unaporomoka naye. Akijitahidi kupanda, anarushiwa mwingine. Mtoto akichokoa kishimo kile kwa unyasi, anajibiwa kwa mchanga, na atacheka hadi asahau alitumwa nini. Miaka mingi baadaye ndipo anaambiwa kwamba kile kidudu kinene kitaota mabawa manne na kuruka, kikifanana na kereng'ende. Mimi nilipoambiwa nilibisha.

Hapakuhitajika gari wala kiingilio. Mbuga ya mbali mtoto huiona mara moja, akiwa na bahati mara mbili, tena kupitia dirishani, huku akionyeshwa na mkubwa. Kichaka cha jirani anakirudia mwenyewe. Anajua ni mti upi una tundu, na kiota kilichokuwa na mayai juzi leo kina makinda. Mapenzi huzaliwa na kule kurudi. Hata sisi kwa sisi hatupendani kwa kuonana mara moja, ingawa vijana hapo nyuma mnatabasamu.

Jane Goodall, kabla ya kufika Gombe, Tanzania, mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, alikuwa mtoto mdogo Uingereza aliyejificha kwenye banda la kuku kwa saa kadhaa ili aone yai linatokea wapi. Nyumbani walikuwa wakimtafuta kwa hofu. Aliporudi mbio, majani yakiwa yamemnasa nywelani, mama yake hakumgombeza, alikaa akamsikiliza. Kwangu huyo mama ni nusu ya habari. Kuku nao si wanyamapori, najua, msinikosoe.

Edward O. Wilson, mwanasayansi wa Marekani, alikuwa na miaka 7 alipovuta samaki kwa nguvu, mwiba wa pezi ukamharibu jicho la kulia. Lililobaki lilikuwa kali kwa vitu vya karibu, basi akainamia vilivyo chini, akawa bingwa wa sisimizi duniani.

Naam, nyoka wapo. Nimeona mama mmoja akikunja uso tangu niliposema kichaka. Mtoto afundishwe kutotia mkono kwenye shimo asiloona ndani yake, avae viatu, na akigeuza gogo alivute upande wake, ili gogo libaki kati yake na kilicho chini. Mara nyingi atakuta jongoo aliyejikunja, konokono, na harufu ya udongo wenye uyoga. Kisha alirudishe gogo polepole, kwani lile ni paa la mtu.

Mtakaoniuliza kama nilimsahau Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, sikumsahau. Utotoni, kwenye kijito karibu na kwao, Nyeri, alichezea kati ya majani ya nduma akijaribu kuokota nyuzi za mayai ya chura, akidhani ni shanga. Kila alipopitisha vidole chini yake zilikatika. Siku nyingine akakuta viluwiluwi maelfu, weusi, wakicheza kwenye maji maangavu. Alisimulia hayo Oslo mwaka 2004, alipopokea Tuzo ya Nobel. Zaidi ya miaka 50 ilikuwa imepita, na akasema kijito kile kimekauka.

Muda wangu umekwisha. Yule mama wa nyoka ameinua mkono. Apewe kipaza sauti.