phpMyAdmin: tuhamishe daftari la madeni ya duka kwenye kompyuta

Habari zenu, karibuni. Leo tunachukua daftari la madeni la duka la mtaani, lile linalokaa kaunta likiwa na alama za mafuta ya taa, tunalihamishia kwenye kanzidata, yaani mahali kompyuta inapotunza taarifa kwa mpangilio wa majedwali. Tutatumia phpMyAdmin, programu ya kusimamia kanzidata. Inafunguka kwenye kivinjari, na ukishasakinisha XAMPP, kifurushi chenye programu zote tunazohitaji leo, unakuwa nayo tayari.

Fungua paneli ya XAMPP. Bonyeza Start kwenye Apache, inayofungua kurasa kwenye kivinjari, kisha kwenye MySQL, inayotunza kanzidata yenyewe, usubiri zote mbili ziwe kijani. MySQL ikiwaka na kuzimika papo hapo, mara nyingi kuna programu nyingine imeshakalia poti 3306, mlango ambao MySQL huutumia. Ifunge hiyo, ujaribu tena.

Sasa kwenye kivinjari andika localhost/phpmyadmin. Kushoto juu bonyeza New. Jina la kanzidata andika duka, herufi ndogo, halafu Create.

Tunaingia kwenye jedwali. Liite wateja, lipe safuwima 4. Ya kwanza id, aina INT, yaani namba kamili, weka tiki kwenye A_I ili kila mteja apate namba yake bila wewe kuhesabu. Kikitokea kidirisha, bonyeza Go. Ya pili jina, VARCHAR, yaani maandishi, urefu 100. Ya tatu simu.

Hapa ngoja kwanza. Mkono unataka kuchagua INT, si ni namba? Usichague. Namba ya simu hatuijumlishi na chochote. Ukiiweka INT, 0712 inakuwa 712, sifuri ya mbele imeliwa. Ukianza na 255 ndiyo balaa, maana INT ya kawaida inaishia 2147483647, na simu ya tarakimu 12 haienei humo. Mimi yalinikuta. Nilimtengenezea mtu mfumo, nikarudi baada ya wiki, nakuta wateja wote wana simu moja: 2147483647. Tulikaa sakafuni na daftari la karatasi, tukaanza kuwaingiza upya mmoja mmoja. Kwa hiyo simu ni VARCHAR, urefu 20.

Ya nne deni, INT inatosha, senti nani anazidai siku hizi? Bonyeza Save.

Nenda Insert. Sehemu ya id iache wazi. Jina, Mama Asha, simu yake, deni, 4500. Bonyeza Go, kisha Browse. Yule pale. Akilipa nusu, bonyeza mara mbili juu ya deni lenyewe, andika kiasi kipya, Enter.

Ukirudi kwenye orodha ya majedwali utaona Empty na Drop zimekaa jirani kabisa. Empty inafuta mistari yote, jedwali linabaki tupu. Drop inaondoka na jedwali zima. Unaulizwa swali moja tu. Ukishabonyeza OK, hakuna pipa la taka la kwenda kuokota.

Ndiyo maana kabla ya kugusa chochote, bonyeza duka pale kushoto, nenda Export, acha Quick na SQL, pakua faili. Usiliamini kabla hujalijaribu. Tengeneza kanzidata nyingine tupu, iite duka_jaribio, ingia ndani yake, nenda Import, chagua faili lile, teremka chini ukubali. Fungua wateja, bonyeza Browse. Mama Asha yumo, na deni lake? Basi hilo faili lihamishie kwenye flashi, si kwenye kompyuta hiyohiyo.