Kuhamisha Hati za Asili ya Bidhaa Kutoka Karatasi Hadi Kompyuta

Karibuni, wafanyabiashara wenzangu. Tuko Nairobi, Eneo la Viwanda, na mezani pana hati za shehena ya sabuni ya mche inayokwenda Kampala.

Kabla hujawasha skana, elewa kwamba cheti cha asili, yaani hati inayoonyesha bidhaa ilitengenezwa wapi ili ipate nafuu ya ushuru, ni karatasi moja tu, na kinacholindwa ni ushahidi ulio nyuma yake. Forodha ya Uganda ikitilia shaka mzigo, inaweza kuomba Nairobi ihakiki, na hapo utaulizwa mafuta ya mawese yaliyotengeneza sabuni hiyo yalitoka wapi na yaligharimu kiasi gani.

Kwanza, kusanya ankara za malighafi, entri za forodha zilizoingiza malighafi hiyo, rekodi za uzalishaji, ankara ya mauzo na orodha ya mzigo. Ondoa pini, nyoosha mikunjo, kisha skani kwa rangi. Tazama entri hii kwa karibu: mhuri wa buluu umepita juu ya saini, na tukiiskani kwa nyeusi na nyeupe viwili hivyo vinakuwa doa moja lisilosomeka. Kuza picha mpaka uone tarakimu ya mwisho, ndipo uihifadhi kwa jina lenye tarehe, aina ya hati na nambari ya ankara.

Pili, linganisha misimbo ya HS, yaani nambari za kimataifa za kuainisha bidhaa kwa ajili ya forodha. Mawese yako chini ya 1511 na sabuni chini ya 3401. Maelezo ya bidhaa, idadi ya katoni na uzito yafanane katika kila hati. Niliwahi kuandika uzito halisi kwenye ankara na uzito pamoja na vifungashio kwenye ombi la cheti, na lori likakaa mpakani huku mteja akinipigia simu asubuhi na jioni. Tangu siku hiyo husoma tarakimu kwa sauti, mwenzangu akifuata kwenye hati nyingine.

Tatu, fanya hesabu, na hapa usiwe na haraka. Tuseme katoni moja inauzwa kiwandani kwa shilingi 2,000, na malighafi ya kigeni iliyomo ni ya shilingi 1,300, yaani asilimia 65. Pale ambapo kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki za mwaka 2015 zinapima kwa thamani na kuweka kikomo cha asilimia 70 ya bei ya kiwandani, tuko ndani ya kikomo. Lakini kigezo cha ongezeko la thamani cha COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kinadai angalau asilimia 35 ya gharama ya kiwandani, si ya bei, kwa hiyo andaa jedwali lake peke yake. Shilingi ikishuka, rudia hesabu zote mbili.

Nne, jaza ombi mtandaoni na uambatishe faili hizo. Vyeti vya upendeleo wa ushuru chini ya Jumuiya na COMESA hutolewa na KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Ikiwa mzigo wako ndani ya Jumuiya hauzidi dola 2,000, ulizia cheti kilichorahisishwa mpakani.

Mwisho, mtumie mwagizaji wa Kampala nakala ya cheti mapema, ailinganishe na ankara aliyonayo kabla lori halijaondoka. Weka folda nzima mahali pawili tofauti kwa miaka 5, pamoja na jedwali la hesabu, kwa sababu maswali ya uhakiki huweza kuja sabuni ikiwa imekwisha kuuzwa zamani.