Kikundi Kipi Kitakuletea Wateja?

Ndugu wafanyabiashara, swali mlilonipa ni hili: mtu anayetafuta wateja ajiunge na kikundi chenye kanuni, ada na mahudhurio, au aende kwenye mikusanyiko huru, ambako kila mtu huingia, akasalimiana na watu, akaondoka?

Rotary, klabu ya wafanyabiashara na wataalamu, ilipoanza Chicago mwaka 1905, kila fani iliwakilishwa na mtu mmoja, na wanachama wa mwanzo walipeana biashara wao kwa wao. Mwaka 1985 Ivan Misner alianzisha BNI, mtandao wa vikundi ambavyo wanachama wake huletana wateja, huko California kwa utaratibu unaofanana na huo: tawi moja, fani moja, mwanachama mmoja, na mkutano kila wiki. Wengi hudhani faida yake ni kumkwepa mshindani. Mimi naona faida kubwa ni kurudiarudia. Mhasibu akieleza kila wiki ni mteja wa aina gani anamtafuta, baada ya miezi michache fundi umeme anayeketi naye atamtambua mteja huyo akiwa kazini kwake, juu ya ngazi. Naye hatamtuma kwa mhasibu asiyemwamini, kwa sababu jina lake mwenyewe liko rehani. Mteja wa namna hiyo hufika akiwa ameshashawishika nusu, hata kabla ya kusikia bei.

Tatizo ni kwamba wanaokutana kila wiki hatimaye hufahamiana na watu walewale. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti wa watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu: zaidi ya asilimia 80 walikuwa wakionana na mtu huyo mara mojamoja au kwa nadra. Usiyemzoea hupita kusikopita rafiki zako. Hiyo ndiyo nguvu ya mikusanyiko huru, hasa kwa anayeuza huduma ghali kwa wateja wachache. Ila huko hakuna atakayekukumbuka usipomtafuta mwenyewe siku chache baadaye, tena ukiwa na jambo la kumfaa yeye.

Kwa hiyo fundi, mhasibu, wakala wa bima, ambao kazi yao huhitajika na karibu kila mtu, nawashauri kikundi chenye kanuni. Lakini kabla ya kulipa ada, omba kuhudhuria kama mgeni. Waulize wanachama ni wateja wangapi walioletewa mwaka huu, na wangapi kati yao walilipa.